Likizo ya Cape Town: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kula, kuzunguka jiji na kutoka nje ya jiji

Siku ngapi zinatosha?

Tano ukijibana, saba ukitaka kupumua. Zikipungua tano utaishia kuuona mlima kupitia dirisha la gari, kwa sababu kila jambo kubwa hapa linategemea hali ya hewa: gari la nyaya la Table Mountain, boti ya kwenda kisiwa cha gereza cha Robben Island, hata barabara ya pwani ya Chapman's Peak. Wanaolalamika kwamba Cape Town iliwaangusha wengi wao walikuja siku tatu, wakapanga kila saa kabla hawajatoka nyumbani, kisha upepo ukavuma siku zote tatu. Tiketi ya ndege ipange kwa tarehe. Ukishafika, mambo mengine yote yapange kwa upepo.

Niende mwezi gani?

Mimi ningekuambia Machi au Aprili bila kusita. Upepo wa kusini-mashariki unakuwa umeanza kutulia, jua bado lipo, na wenyeji wamerudi makazini. Desemba hadi Februari ndiyo kiangazi chao: kukavu, joto, na kwenye wiki za Krismasi hadi katikati ya Januari jiji limejaa na bei za vyumba zimepanda. Faida yake ni mwanga. Mtu aliyezoea jua la ikweta linalozama saa kumi na mbili na nusu atashangaa kuliona Desemba bado liko juu ya bahari karibu na saa mbili usiku. Hiyo ni saa moja na nusu ya ziada ya matembezi.

Juni hadi Agosti ni majira ya mvua na baridi, kinyume na sehemu kubwa ya Afrika Kusini ambayo hunyeshewa wakati wa joto. Usiku halijoto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi hazina joto la ndani, kwa hiyo beba sweta la maana. Ila huo ndio wakati nyangumi wanapokuja, na Agosti na Septemba maua ya porini hufunika West Coast National Park, upande wa kaskazini wa jiji. Anayependa maumbile kuliko ufukwe asiuogope msimu huu.

Kwa nini kila mtu anasema Table Mountain iwe ya kwanza?

Kwa sababu hutajua lini utaruhusiwa kupanda tena. Gari la nyaya, linalofanya kazi tangu 1929, husimamishwa upepo ukizidi, na linaweza kufungwa siku mbili tatu mfululizo. Kanuni ya wenyeji ni rahisi: ukiamka ukaona mlima uko wazi na majani ya miti yametulia, acha chai, nenda. Usiseme "nitaenda mchana". Mchana upepo wa kusini-mashariki huleta wingu linalomwagika ukingoni mwa mlima, lile wanaloliita kitambaa cha meza. Ukiwa chini ni pazuri ajabu. Ukiwa juu huoni hata vidole vyako.

Tiketi nunua mtandaoni, lakini soma masharti: tafuta ile inayokubali kutumika siku yoyote ndani ya muda fulani. Kabla ya kutoka hotelini fungua tovuti yao uone kama wamefungua siku hiyo. Mara moja kwa mwaka, kwa kawaida katikati ya majira ya baridi, hufunga kwa matengenezo.

Safari yenyewe ni dakika kama tano, na sakafu ya chumba huzunguka, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania dirisha. Juu, watu wengi hupiga picha karibu na kituo kisha hushuka. Tembea kidogo. Ukifuata njia hadi Maclear's Beacon, kilele chenyewe chenye mita 1,086, utakuwa umewaacha nyuma wengi na utakutana na pimbi wanaoota jua kwenye mawe. Vaa koti hata kama chini kuna joto.

Naweza kupanda kwa miguu?

Ndiyo, na kupanda kwenyewe hakulipiwi. Njia ya moja kwa moja ni Platteklip Gorge: ngazi za mawe mfululizo, saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, kivuli kidogo sana. Anza alfajiri, beba maji ya kutosha, na usitegemee gari la nyaya kwa kushuka, maana linaweza kusimama ukiwa juu. Skeleton Gorge, inayoanzia bustani ya Kirstenbosch, ina kivuli cha msitu na inapendeza zaidi, ila ina ngazi za mbao na mawe yanayoteleza mvua ikinyesha. Lion's Head, mita 669, ni fupi na ina mandhari ya pande zote. Usipande peke yako katika njia yoyote kati ya hizi.

Upepo ukigoma, siku hiyo nifanye nini?

Hiyo ndiyo siku ya jiji, na wala si siku ya hasara. Anzia District Six Museum, katika jengo lililokuwa kanisa la Methodisti. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza mtaa wa District Six kuwa wa weupe, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliohamishwa wameandika kwa mkono walikoishi. Makumbusho ni madogo, saa moja na nusu inatosha, lakini ukitoka pale utauelewa mpangilio wa jiji zima: nani anaishi karibu na mlima, nani anaishi mbali kwenye tambarare za mchanga, na kwa nini.

Kutoka hapo unaweza kwenda kwa miguu mchana hadi Slave Lodge, jengo la mwaka 1679 walikofungiwa watumwa wa kampuni ya biashara ya Waholanzi. Wengi waliletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Mbele yake kuna Company's Garden, iliyoanza mwaka 1652 kama bustani ya mboga za mabaharia, na sasa ni mahali pa kukaa chini ya mti.

Anayependa sanaa aende Zeitz MOCAA pale Waterfront. Ni maghala ya nafaka ya miaka ya 1920 yaliyochongwa ndani yakawa jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika, lililofunguliwa 2017. Limekuwa na saa za bure kwa raia wa nchi za Afrika, kwa hiyo uliza mlangoni na uwe na pasipoti. Waterfront yenyewe ni maduka makubwa yenye bahari mbele. Mara moja inatosha.

Bo-Kaap ni zaidi ya nyumba za rangi?

Zaidi sana, ingawa picha za mtandaoni hazionyeshi. Huu ni mtaa wa wazao wa watumwa, mafundi na wafungwa wa kisiasa walioletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na kwingineko. Msikiti wa Auwal, ulioanzishwa 1794, ndio wa kwanza nchini. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, alikuwa mwana wa mfalme kutoka Tidore aliyefungwa Robben Island, akaandika Qurani kwa kuikumbuka tu kichwani. Nakala aliyoiandika kwa mkono bado imehifadhiwa msikitini.

Nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Watu wanaishi humo. Usikae kwenye ngazi za mlango wa mtu kwa ajili ya picha, na ukimkuta mzee kibarazani msalimie. Salamu ya Kiislamu inaeleweka mtaa mzima.

Nile nini?

Anza na chakula cha Wamalei wa Cape, jamii hiyo ya Bo-Kaap, kwa sababu kimezaliwa hapa na huwezi kukipata hivi mahali pengine. Bobotie ni nyama ya kusaga iliyopikwa kwa bizari na zabibu kavu, ikamwagiwa juu mchanganyiko wa mayai na maziwa na kuokwa. Kuna utamu ndani yake, na mtu wa pwani aliyezoea chumvi na ndimu huenda akakunja uso kwenye kijiko cha kwanza. Fika cha tatu kabla hujahukumu. Mtu wa Mombasa au Unguja atakayeionja akhni atasema ni pilau ya jirani. Biriani, wanayoiandika breyani, hupikwa na dengu na mayai ndani. Sambusa zipo kila kona, na bajia za unga wa dengu zinaitwa daltjies.

Jumapili asubuhi tafuta koesister. Ni kitumbua kirefu cha viungo, iliki na mdalasini ikiwemo, kilichochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Wapikaji wengi hukiuza nyumbani, na saa tano kimekwisha. Madukani utaona kingine chenye jina linalokaribiana sana, kilichosukwa na kulowa shira tupu. Hicho ni cha Waafrikana, yaani Makaburu, kitamu pia, ila si hiki.

Gatsby usiagize peke yako. Ni mkate mrefu uliojazwa chipsi, nyama ya masala au soseji, achari na mchuzi, ukakatwa vipande vinne. Ulianzia mtaa wa Athlone miaka ya 1970 kama chakula cha wafanyakazi, na hadi leo huliwa kwa kugawana. Waombe wauzaji nusu kama mko wawili.

Samaki wa hapa ni snoek, mrefu, mwenye mafuta na miiba mikubwa, anayechomwa kwenye makaa huku akipakwa jemu ya aprikoti. Samaki na jemu, ndiyo. Bandari ndogo ya Kalk Bay ni mahali pazuri pa kula samaki na chipsi ukitazama wavuvi wakishusha mzigo na sili wakidokoa mabaki. Migahawa ya Camps Bay inakuuzia machweo, na chakula ni cha kusindikiza. Kunywa kitu pale, kisha ule kwingine.

Chakula halali kinapatikana?

Kwa urahisi kuliko miji mingi ya kitalii. Jamii ya Waislamu ni kubwa na ya zamani, vyeti vya halali hubandikwa mlangoni, na hata minyororo mingi ya vyakula vya haraka inavyo. Migahawa ya Kimalei ya Bo-Kaap kwa kawaida haiuzi pombe.

Na ugali?

Upo, kwa jina la pap. Kwenye vitongoji kama Langa, kilichoanzishwa 1927, utaupata na nyama ya kuchoma, na utapata pia umngqusho, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambayo ni makande kabisa. Wajasiri hula kichwa cha kondoo kilichobanikwa, kinachoitwa smiley kwa jinsi meno yanavyobaki nje. Nenda na mwenyeji wa Langa mwenyewe, si kwa basi la kuchungulia watu dirishani.

Robben Island inastahili nusu siku?

Inastahili, mradi ujue unachokwenda kukiona. Mandhari si ya kuvutia, na basi la kuzungusha watu kisiwani huharakisha. Lakini sehemu ya gerezani kwa kawaida huongozwa na mtu aliyefungwa humo, naye hueleza walilala vipi, walikula nini kulingana na rangi ya ngozi, na barua zilikatwakatwaje. Mandela alikaa hapa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, na chumba chake ni kidogo kuliko unavyotarajia. Nje ya gereza kuna kaburi takatifu la Sayed Abdurahman Moturu, mwanachuoni aliyefungwa kisiwani karne ya 18. Wengi hulipita bila kuuliza.

Jumla ni kama saa tatu na nusu, boti ikiwemo. Kata tiketi mapema, chagua safari ya asubuhi, na uiweke mwanzoni mwa likizo ili ikifutwa kwa mawimbi uwe na siku nyingine.

Siku ya kwenda Rasi ya Tumaini Jema niipangeje?

Hii ndiyo siku nzuri kuliko zote, na kosa la kawaida ni kuizungusha kinyume. Makampuni mengi ya watalii huanza na Chapman's Peak asubuhi. Wewe anza upande wa ghuba ya False Bay: Muizenberg, Kalk Bay, Simon's Town, Cape Point, halafu urudi kwa Chapman's Peak jioni. Sababu ni mbili. Kwanza, pengwini wa ufukwe wa Boulders, pale Simon's Town, utawaona kabla mabasi hayajamwaga watu. Pili, huku wanaendesha kushoto, kama kwetu. Ukirudi kuelekea kaskazini, bahari iko upande wako wa kushoto, sehemu za kuegesha ziko palepale kando, na jua linashuka mbele ya macho yako. Barabara hiyo ya kilomita 9 hivi na kona 114 ilifunguliwa 1922, hulipiwa, na hufungwa mawe yakiporomoka, kwa hiyo hakikisha asubuhi.

Pengwini hao walihamia Boulders wenyewe miaka ya 1980, wakazaliana hadi kuwa kivutio. Usidanganywe na wingi wao: mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ni uhaba wa dagaa baharini. Usiwaguse, wanang'ata kweli. Ukitaka utulivu zaidi, Stony Point pale Betty's Bay, njia ya kwenda Hermanus, ina kundi lingine na watu wachache.

Cape Point kuna taa mbili za kuongozea meli. Ya zamani, karne ya 19, ilijengwa juu mno, mita 238, hivyo mara nyingi ilimezwa na ukungu. Meli ya Kireno, Lusitania, ikagonga mwamba mwaka 1911, na ndipo ikajengwa nyingine chini, iliyowashwa 1919. Vasco da Gama, yuleyule aliyetua Malindi 1498, aliizunguka rasi hii Novemba 1497, na kuna msalaba wa kumbukumbu yake ndani ya hifadhi.

Nyani wa huko ni wezi wenye uzoefu. Funga milango ya gari hata ukitoka kwa dakika moja, na usile ukiwa umesimama nje.

Kwa hiyo Rasi ya Tumaini Jema ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika?

Hapana. Hiyo ni Cape Agulhas, kama saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari kuelekea kusini-mashariki.

Nikodi gari?

Kwa siku ya rasi na siku ya Hermanus, mji wa nyangumi, ndiyo. Kwa siku za jijini, hapana. Uber na Bolt zinatosha, na mabasi ya MyCiTi hufika ufukweni kwa kadi unayoiwekea pesa. Asiyetaka kuendesha anaweza kupanda treni ya Southern Line hadi Simon's Town mchana. Kuanzia Muizenberg reli inapita kando ya maji kabisa, na kutoka kituo cha mwisho teksi fupi inakufikisha kwa pengwini.

Nyangumi nawaonaje bila kupanda boti?

Nenda Hermanus, takriban kilomita 120, kati ya Juni na Novemba. Agosti hadi Oktoba ndio wengi zaidi. Nyangumi huja kuzaa karibu sana na pwani, na kuna njia ya miguu juu ya majabali mji mzima. Keti, subiri. Anayekwenda aende na barabara ya Clarence Drive kupitia Gordon's Bay, hata kama inachukua muda zaidi, kisha apite Stony Point njiani.

Kirstenbosch ni bustani tu, kuna haja?

Kuna. Ilianzishwa 1913 kutunza mimea ya asili ya nchi, na mimea yenyewe si ya kawaida. Uoto wa fainbosi, vichaka vigumu vya rasi hii, ni sehemu ya eneo lenye aina karibu 9,000 za mimea, na zaidi ya theluthi mbili yake haioti kwingine duniani. Maua ya protea utayaona hapo kwa ukubwa wake. Chukua chakula, tandika kanga kwenye nyasi chini ya mlima, ukae hadi jioni. Daraja la Boomslang linapita juu ya vilele vya miti, na mtoto wa kusukumwa kwenye kigari anapita bila shida.

Sinywi pombe. Stellenbosch inanihusu?

Inakuhusu kwa chakula, majengo na milima. Mji ni wa 1679, unatembelewa kwa miguu, na mashamba mengi ya zabibu yana migahawa mizuri na juisi. Kama muda ni mfinyu, ningeiacha hii kwanza kabla ya kuacha rasi.

Naweza kuogelea?

Clifton na Camps Bay maji ni baridi ya kukata pumzi hata Januari, kwa sababu ya mkondo wa Benguela. Muizenberg yana nafuu, na hapo ndipo wanaoanza kuteleza mawimbini hujifunza. Kuna walinzi wanaotazama papa kutoka mlimani na kupandisha bendera. Soma ubao kabla ya kuingia.

Usalama ukoje?

Mchana, katikati ya jiji, Waterfront na fukwe zenye watu hazina shida kwa aliye makini. Usiku usitembee kwa miguu, hata mitaa miwili. Ita gari ukiwa bado ndani ya mgahawa. Simu isiwe mkononi barabarani. Kwenye taa za barabarani begi liwe chini ya kiti, si juu yake. Njia za mlimani zina historia ya uporaji, hasa Signal Hill na njia zisizo na watu, kwa hiyo nendeni kundi na mchana.

Karatasi gani zinahitajika?

Wakenya hawahitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, na Watanzania nao huingia bila viza hadi siku 90. Cheti cha homa ya manjano beba. Wanaotoka Kenya na Uganda huulizwa. Watanzania na Wakongo wana jambo la ziada: nchi zao ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na hifadhi za taifa zina kiwango nafuu cha kiingilio kwa raia wa SADC. Keshia asipokuuliza, mtajie wewe na uonyeshe pasipoti.

Bakshishi, maji, umeme?

Mgahawani asilimia 10 hadi 15, baada ya kuangalia kama haijaongezwa kwenye bili. Maji ya bomba yananyweka. Plagi za huko nyingi zina miguu mitatu minene ya mviringo, tofauti na zetu za bapa; adapta utaipata dukani kokote uwanja wa ndege. Na rudisha saa yako nyuma kwa saa moja.